Mizinga mitupu mlimani: je, niipandishe juu msituni?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 61, naishi upande wa Hai, kihamba changu, shamba la nyumbani, kiko karibu kabisa na msitu wa Kilimanjaro, mwinuko wa kama mita 1,650. Ufugaji nyuki nimeurithi kwa baba. Nina mizinga 30: 18 ya magogo imetundikwa kwenye miti ya kihambani, na 12 ya kibiashara, ile ya mbao, niliyopewa na mradi mmoja. Zamani tulirina mara mbili, Februari na mwishoni mwa Agosti, na gogo moja lilijaza ndoo. Miaka minne hii mambo yamevurugika. Vuli inaanza, halafu inakatika. Msimu uliopita nyuki waliingia vizuri mwezi Oktoba, lakini ilipofika Desemba mizinga 17 ilikuwa mitupu, hakuna hata nyuki aliyekufa. Vijana wanasema joto limezidi na barafu ya Kibo inaisha, kwa hiyo nyuki wanaifuata baridi juu. Wengine wanasema nyuki wetu weusi, wale wapole, wamekwisha. Nafikiria kuipandisha mizinga yote juu msituni alikokuwa akitundika baba, na kuachana na magogo. Au niwape sukari? Naomba ushauri kabla sijatumia nguvu na fedha."*

Shikamoo mzee wangu. Naomba nianze na maneno manne ya barua yako ambayo mtu angeweza kuyapita haraka: "hakuna hata nyuki aliyekufa". Hayo ndiyo yaliyonipa picha ya kilichotokea kihambani kwako kuliko habari za barafu na joto.

Mzinga ulioachwa hubaki na ushahidi, mradi uuwahi kabla nondo wa nta hawajaingia. Siku ukikuta mmoja mtupu, toa sega la katikati, lile walimokuwa wakilelea majana, yaani watoto wao, ulinyanyue kwenye mwanga wa jua. Ukikuta vyumba vimesafishwa, hakuna asali, hakuna chavua isipokuwa punje mbili tatu zilizokauka, hakuna majana, na mabaki ya vifuniko yana kingo za mduara kama vilivyotafunwa kutoka ndani, basi kundi hilo halikukimbizwa na kitu. Lilijiandaa kwa safari. Malkia alipunguza kutaga mpaka akaacha kabisa, akiba ya asali ikaliwa, majana ya mwisho yakakua na kutoka, ndipo kundi zima likaondoka siku moja yenye jua. Maandalizi hayo huchukua kama wiki tatu, na muda wote huo mwenye mzinga akipita chini ya mti huona nyuki wakiingia na kutoka kama kawaida.

Kinyume chake, ukikuta asali bado ipo na majana yameachwa yakaoza au kukauka, hapo kuna kitu kiliwatoa: siafu, nyegere, moshi uliozidi, au mtu aliyefungua mzinga ovyo. Na ukikuta rundo la nyuki waliokufa chini ya mlango, wengi wao ndimi zimetoka nje, fikiria sumu ya shambani kabla ya kitu kingine chochote. Maelezo yako hayafanani na hizi mbili. Nyuki wako waliondoka kwa njaa, na waliondoka kwa mpangilio.

Kwa hiyo tuanze na joto, maana ndilo ulilotajiwa kwanza. Ni kweli mlima unapata joto. Utafiti wa kahawa uliotolewa mwaka 2015, uliotumia vipimo vya nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kwamba joto la usiku ndilo lililopanda kwa dhahiri, na kwamba mavuno ya kahawa hupungua kadiri usiku unavyozidi kuwa na joto. Lakini nyuki hahami nyumba kwa sababu ya nyuzi moja au mbili. Ndani ya kundi, mahali pa majana huwekwa kwenye nyuzi 34 hadi 36 usiku na mchana, kukiwa na ukungu au jua. Kukiwa baridi nyuki hujikusanya na kutetemesha misuli ya mabawa ili kutoa joto. Kukiwa na joto kali huleta maji, huyapaka kwenye masega na kupepea. Fikiria Moshi mjini, ambako hapazidi mita 1,000, jua la Februari ulijuavyo, na nyuki wapo. Fikiria Tabora na Singida. Kama joto peke yake lingewafukuza, miombo ya Tabora isingekuwa na asali. Kwa hiyo vijana wakisema nyuki wanaifuata baridi, wapokee kwa upole, ila usiwafuate.

Tatizo lenyewe ni la kalenda, na hapa naomba unisikilize kwa makini kidogo, maana ushauri wote unaokuja unasimama juu yake.

Mvua za kwanza za vuli zikishuka, miti na magugu hutoa maua, chavua inaingia mzingani, na chavua ndiyo humwambia malkia atage. Yai la nyuki mtenda kazi huchukua takribani siku 20 mpaka nyuki atoke kwenye chumba. Akishatoka, hatoki nje kwenda kutafuta chakula siku hiyo hiyo; wiki mbili hadi tatu za mwanzo hufanya kazi za ndani: kusafisha, kulisha majana, kujenga nta, kulinda mlango. Jumlisha utaona ni kama wiki tano hadi sita tangu mvua ya kwanza mpaka kundi liwe na wavunaji wengi wa kutosha kujaza asali. Miti ya mlimani na nyuki wa mlimani walizoeana kwa kalenda hiyo. Mvua ya Oktoba iliandaa watu, na maua ya Novemba na Desemba yakawalipa.

Sasa vuli inaanza wiki mbili, halafu jua linawaka mwezi mzima. Nyuki hawajui kwamba ni mvua ya uongo. Wameshaona chavua, malkia ameshataga, akiba ya zamani imeshageuzwa kuwa majana. Wiki tano baadaye mzinga umejaa vinywa kuliko wakati wowote wa mwaka, na nje hakuna ua. Miti iliyokwisha kufunga vichomozo huvikausha na kuviangusha. Iliyobaki hutoa mbochi kidogo, yale maji matamu ya maua, kwa sababu mti wenye kiu haugawi maji yake. Mbuni, yaani mti wa kahawa, nao una tabia hii: hungoja mvua baada ya kiangazi, kisha huchanua kwa pamoja siku mbili tatu, kihamba kizima kikawa cheupe. Manyunyu yakija vipande vipande, mbuni huchanua vipande vipande, na kila kipande ni kidogo mno kwa kundi kuweka akiba.

Mvua ikizidi nayo ina ubaya wake. Masika ya 2024, baada ya mvua za El Niño, wafugaji wengi wa mlimani walisubiri asali ambayo haikuja ingawa kila kitu kilikuwa kijani. Mvua ya mfululizo huosha mbochi na chavua kwenye maua, na ukungu huwafungia nyuki ndani. Nyuki aliyefungiwa wiki mbili hula alichonacho. Ongeza na usiku wenye joto kuliko zamani: miezi ya kipupwe ambayo malkia alipunguza kutaga sana, sasa huendelea kutaga kidogo, na majana hula. Kwa hiyo kundi huingia msimu likiwa na ghala tupu.

Barafu ya Kibo inaisha kweli. Zaidi ya robo tatu ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwenda, na inaniuma kama inavyokuuma wewe uliyeiona ikiwa pana. Lakini maji ya mito na unyevu wa vihamba vya Hai havitoki kwenye barafu kwa kiasi watu wanachofikiri. Vinatoka kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba hasara ya maji inayoletwa na moto katika misitu ya juu ni kubwa kuliko ile ya kupungua kwa barafu. Kule juu kabisa ya msitu kuna miti ya erika, ile yenye ndevu za kuvu na majani madogo, ambayo hukamua ukungu ukawa matone. Kiangazi kikiwa kirefu, moto huingia huko, na mahali pengi ukomo wa juu wa msitu umeteremka kwa mamia ya mita. Moto wa Oktoba 2020 sote tuliuona usiku ukiwa mstari mwekundu mlimani. Nasema haya kwa wafugaji nyuki hasa, kwa sababu baadhi ya mioto ya mlima imewashwa na warina asali wenye mienge. Mfugaji anayerina kwa mwenge wa moto anachoma ukungu wa kihamba chake mwenyewe. Kama kuna jirani yako bado anarina hivyo, mkopeshe bomba la kupulizia moshi mzingani.

Sasa swali la kupandisha mizinga. Jibu langu ni hapana, kwa sababu tatu, na ya kwanza ni sheria. Msitu aliokuwa akitundika baba yako ulikuwa hifadhi ya misitu. Tangu mwaka 2005 umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kuingiza mizinga humo ni kosa, na nimeshuhudia wazee wa heshima wakipoteza mizinga na siku zao ofisini kwa sababu hiyo. Kuhusu ule ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 kwa mahitaji ya wanavijiji, usitundike kwa mazoea; pitia ofisi ya kijiji na uwaulize wahifadhi wa eneo lako, wakupe jibu la maandishi.

Sababu ya pili ni hali ya hewa yenyewe. Kwenye mteremko wa kusini mvua nyingi kuliko zote hunyesha karibu na mita 2,200. Ukipandisha mizinga mita 500 unaitoa penye mvua unaipeleka kwenye mvua zaidi. Joto nalo hushuka karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, kwa hiyo utakuwa umepunguza nyuzi 3. Chini ya nyuzi 10 hivi nyuki haruki kutafuta chakula. Hesabu saa ambazo nyuki wa huko wanaweza kufanya kazi mwezi Juni na Julai, utaona ni chache. Makundi ya huko juu yanaishi, ndiyo, lakini yanaishi kwa kujitunza; hayana ziada ya kukupa ndoo.

Ya tatu ni kwamba unataka kuipandisha *yote*. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kalenda ikiwa imelegea, kosa kubwa ni kuitegemeza mizinga 30 kwenye maua ya mahali pamoja. Waogiek wa msitu wa Mau kule Kenya, ambao Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo hapa Arusha ilitambua haki yao juu ya msitu huo mwaka 2017, wana utaratibu wa tangu mababu wa kutundika mizinga kwenye miinuko tofauti, wakifuata maua yanavyopanda na kushuka. Hawakuubuni kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi, lakini sijaona ushauri bora zaidi kwa hali ya leo.

Kwako ningefanya hivi. Mizinga kama 14 ibaki kihambani. Kama 8 ipeleke kwa ndugu au rafiki aliye chini, mita 1,100 hadi 1,200, penye migrivea na miringaringa mipakani. Nane iliyobaki ishushe zaidi, kuelekea kwenye migunga ya tambarare, ambako maua huja kwa ratiba nyingine kabisa. Usihamishe makundi yenye nyuki kama huna mtu mwenye uzoefu. Shusha mizinga mitupu, ioshe kwa moshi, ipake nta na gundi ya nyuki kwa ndani, uitundike kabla mvua hazijaanza, makundi yanayojigawa yatakuja yenyewe. Mwaka vuli ikigoma mlimani huenda tambarare ikakupa kitu, na mwaka mwingine ikawa kinyume. Sitakuahidi ndoo ya zamani kwa kila gogo. Miaka mingine utapoteza makundi hata ukifanya kila kitu sawasawa, lakini hutapoteza 17 kwa mwezi mmoja.

Kuhusu nyuki weusi. Ulichosikia kina ukweli ndani yake. Nyuki wa mlimani, mweusi, mkubwa kidogo na mpole, wataalamu humwita *monticola*. Yule wa nyanda za chini, mdogo, mwenye mistari ya manjano na hasira za haraka, ni *scutellata*. Kati yao hakuna ukuta. Kwenye miinuko kama ya kwako wamechanganyika siku zote, na joto likipanda mchanganyiko huo nao hupanda mlima. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2017 kwa nyuki wa Kenya ulikuta kwamba nyuki wa milimani wanatofautiana na wa chini hasa katika vipande viwili vikubwa vya vinasaba, kwenye kromosomu ya 7 na ya 9, na vipande hivyo hurithiwa vizimavizima. Maana yake kwa mfugaji ni hii: sifa ya kuishi mlimani bado imo kwenye makundi yako, hata kama mengine yana rangi ya manjano. Usinunue makundi kutoka tambarare ukayaleta juu. Na ukiwa na makundi mawili matatu meusi, mapole, yaliyovuka Desemba bila kuondoka, hayo ndiyo mbegu yako. Usiyarine mwaka huu hata kidogo. Yaache yajae, yajigawe, na uweke mizinga mitupu karibu nayo ili kuwapokea watoto wake.

Na magogo usiyatupe, tafadhali. Sielewi kwa nini miradi mingi huanza kwa kumwambia mzee kwamba mzinga wa baba yake ni ujinga. Gogo nene la inchi mbili hushika joto la majana usiku wa ukungu kuliko ubao wa robo tatu inchi. Mwezi Julai niliwahi kufungua mizinga miwili iliyotundikwa mti mmoja wa mruka, saa tano asubuhi, ukungu ukiwa umeanza kupasuka. Wa kibiashara ulikuwa na matone chini ya mfuniko kama kifuniko cha sufuria, na masega ya pembeni yalikuwa yameota kuvu ya kijivu. Gogo lilikuwa kavu, nyuki wametanda juu ya majana, na nilipoingiza kiganja mlangoni nilisikia uvuguvugu. Ubaya wa gogo ni kwamba huwezi kukagua, na ukirina vibaya unakata majana. Rina upande mmoja tu, ule wa mbali na mlango, ukiona sega lenye majana simama hapo. Mizinga ya kibiashara uliyonayo ni mizuri kwa sababu unanyanyua kiunzi, kile kijiti cha juu wanachojengea sega, kimoja kimoja na kujua hali ya ghala. Ila kwa mwinuko wako izibe nyufa, iongezee mfuniko wa pili wa majani makavu ya mgomba juu, na iinamishe kidogo mlango uwe chini ili maji yatoke. Hakikisha pia viunzi vina upana wa milimita 32. Nimekuta viunzi vya fundi wa mitaani vina 38, na nyuki wetu hujenga masega kwa kupishana mpaka ukishika kimoja unavunja vitatu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo ningependa ulifanye hata kama hutafanya mengine yote: badilisha unavyorina. Ule utaratibu wa baba, kurina Februari mpaka sega la mwisho, ulifaa wakati masika ilikuja Machi bila kukosa. Mimi nilipoteza makundi tisa kwa utaratibu huo huo. Nilirina katikati ya Februari, nikafurahia ndoo, masika ikachelewa hadi wiki ya pili ya Aprili, na nilipopita mwezi wa nne nikakuta masega meupe, safi, matupu. Nyuki wale walikuwa na chakula. Mimi ndiye niliyekibeba. Siku hizi kwenye mzinga wa kibiashara naacha viunzi 7 au 8 vya asali iliyofunikwa. Kwenye gogo naacha nusu. Na sirini kwa tarehe, narina kwa uzito na kwa kuangalia: nyanyua upande wa nyuma wa mzinga kwa mkono kila wiki mbili, utaujua mzito na mwepesi kama unavyojua mkungu uliokomaa. Mzinga unaopungua uzito wiki nne mfululizo baada ya mvua ya kwanza ndio unaojiandaa kuondoka.

Hapo tu ndipo sukari inapoingia. Siipingi, ila watu wanaitumia vibaya. Kilo moja kwa lita moja ya maji ya moto yaliyopoa, ndani ya mzinga, jioni jua likishazama, nusu lita kwa wakati, na vijiti vya kuelea ili wasizame. Ukiweka nje utaita nyuki wa kijiji kizima waporane na wadhaifu wauawe. Sukari huokoa kundi wiki mbili tatu za njaa, haileti chavua, kwa hiyo hailei majana. Na usithubutu kuwapa sukari kundi utakalolirina karibuni, maana itaingia kwenye asali utakayomuuzia mtu ukisema ni asali. Ukilisha, kundi hilo lisirinwe msimu huo. Jambo la bei ndogo zaidi ni maji: beseni lenye mawe chini ya mti, lijazwe kila asubuhi kiangazi kikiuma.

Ukirina wakati wa ukungu, angalia ukomavu. Asali yenye unyevu unaozidi asilimia 20 huchachuka, na hewa ya mlimani huifanya ivute maji hata ndani ya ndoo iliyo wazi. Sega ambalo halijafunikwa robo tatu, lirudishe.

Kwa miti, una kihamba, na hiyo ni bahati ambayo mfugaji wa tambarare hana. Usipande aina moja. Mringaringa, mfurufuru, msesewe, mruka, mtugutu kwenye mipaka, kaliandra kwa ajili ya ng'ombe na nyuki kwa pamoja, hivi vina maua kwa nyakati tofauti, na unachotafuta ni pengo kati ya mvua ya uongo na mvua ya kweli lisiwe tupu. Kaliandra na mtugutu utaziona zikichanua baada ya mwaka mmoja au miwili. Mringaringa unawapandia wajukuu na nyuki wao.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Ukiona nyuki wengi wamekufa asubuhi moja, hasa majirani wakiwa wamepulizia kahawa, nyanya au parachichi, usifagie. Mpigie afisa nyuki au afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo, na suala la viuatilifu lipelekwe TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake ni Arusha. Ukiona majana yanaoza, yana harufu kali, au yanavutika kama gundi ukiyachokoa kwa njiti, usihamishe sega wala vifaa kwenda mzinga mwingine. Hilo lionwe na mtaalamu kwa macho, na kituo cha TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, cha Njiro kina wanaoshughulika na nyuki. Na wewe mwenyewe, au mjukuu anayekusaidia, mkiumwa halafu ulimi ukavimba, pumzi ikabana au mwili mzima ukatoka mabaka, msisubiri dawa ya nyumbani. Nendeni kituo cha afya mara moja, hata kama umeumwa mara mia huko nyuma bila shida.

Kabla ya vuli hii kuanza, naomba umwite afisa nyuki wa wilaya aje kihambani, na usimpokee mikono mitupu. Chukua daftari, kila mzinga uupe namba kwa rangi, uandike upo au mtupu, mzito au mwepesi, na tarehe mvua ya kwanza ilipoanza na ilipokatika. Kwenye mizinga ile 17 kata kipande cha sega la katikati ukubwa wa kiganja, ukifunge kwenye gazeti, si kwenye nailoni kwa sababu hutoa jasho na kuoza, uandike namba ya mzinga juu yake. Akija, mwekee mezani vipande vyote, na umwombe akague vile vifuniko kwa mwanga wa jua, kipande kimoja baada ya kingine.